Tarishi wa Milima Isiyokuwepo

Ifakara ni tambarare. Ukimwaga maji uani kwangu hapa Mlabani, yanatulia hapo hapo kama yanafikiria pa kwenda. Lakini jirani yangu, mzee ambaye mtaa mzima tulimwita Tarishi, alikuwa anapanda na kushuka kila siku ya Mungu. "Nashuka sokoni," alisema, na soko na nyumba yake vimelingana kama sahani mbili mezani. "Napanda kanisani." Siku akiumwa alisema hawezi kupanda mpaka kwangu, na kwangu ni hatua thelathini, katikati pana banda la kuku. Watoto walimcheka, mimi nilimcheka, na yeye alitucheka sisi sote, watu ambao hatujawahi kuhema kwa sababu ya njia.

Hapa sitaandika alizaliwa wapi wala ukoo wake ni upi. Hayo yalisomwa siku tuliyomzika, na nina hakika nusu yake angeyasahihisha. Nitaandika niliyoyaona mimi kutoka kwenye kigoda changu, na kutoka kwenye kigoda mtu haoni mengi.

Mimi ni fundi cherehani. Nakaa barazani kwangu tangu asubuhi mpaka jua linapogonga kwenye sindano. Nimesoma mpaka kidato cha nne, Jiografia nilipata alama ambayo sitaitaja kwa sababu wateja wangu wanasoma, na tangu hapo sijajitahidi kuirekebisha. Mbali nilikowahi kufika kabla ya haya ninayoyaeleza ni Morogoro mjini, nikarudi na homa. Tarishi aliniita Kigoda.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba Kigoda. Umesafiri leo?"

"Nimefika mpaka jikoni."

"Pole kwa uchovu."

Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yetu kwa miaka kumi na zaidi.

Alitembea ameinama mbele, mkono wa kulia ukisukuma goti la kulia, kama mtu aliye katikati ya mlima mkali, na mbele yake barabara imelala mpaka mwisho wa macho. Mwanzoni nilidhani ni mgongo. Baadaye nilijua kwa njia ya kazi yangu: suruali zake zote zililika goti moja, la kulia, pale kiganja kinapokaa. La kushoto lilibaki jipya. Nilimshonea viraka vya goti la kulia mpaka nikawa navikata mapema na kuviweka kwenye boksi.

Ujana wake wote wa kazi aliupitisha Lindi, tarishi katika ofisi moja ya serikali iliyokuwa chini karibu na bahari, na wakubwa waliotakiwa kusaini wako juu kilimani. Faili linapanda, faili linashuka, na kati ya wino na wino ni yeye. Alikuwa na sheria za kazi ambazo hakuzivunja hata alipobaki tarishi wa bure wa mtaa wetu, akitumwa kadi za harusi na taarifa za jumuiya ingawa kila mtu ana simu. Hakufungua cha mtu. Hakuacha mzigo kwa jirani. Na mzigo ukikosa mwenyewe, unarudi kwa aliyeutuma siku hiyo hiyo, haujafunguliwa, bila maelezo marefu. Niliwahi kumuona amerudisha keki nzima ya kipaimara jua la saa nane, imeyeyuka upande, kwa sababu mwenye nyumba ametoka. "Ungeacha kwangu," nilimwambia. "Wewe ndiye jina lililoandikwa?" akaniuliza. Na keki nilikuwa naitaka kweli.

Kitu kilichomfungua mdomo ni mtu kusema anasafiri kwenda pwani. Hata kama anakwenda Tanga, Tarishi alivuta kiti na kumfundisha kutembea Lindi.

"Mgeni akifika Lindi," alianza hivyo siku zote, "asimuulize njia mtu anayepanda. Anayepanda hana pumzi. Atakuonyesha kwa kidevu, na kidevu hakina kushoto wala kulia. Muulize anayeshuka, huyo ana nafasi mpaka ya kukusalimia ndugu zako."

Bahari ikiwa mbele yako, alisema, unateremka hata kama miguu inakataa. Ukiiona pande mbili umepitiliza, rudi. Saa sita mchana kaa ulipo, hakuna faili la haraka kiasi hicho. Viatu vya ngozi ni vya kushukia, vya kupandia vua. "Na ukichoka katikati ya ngazi, usikae chini kama mgonjwa. Geuka uitazame bahari. Watu watadhani unapendezwa."

Aliyekuwa anakwenda Tanga aliaga akiwa amechoka kama ameshapanda.

Mambo yake mengine hayakuwa na mpangilio. Huu ni mji wa baiskeli, padri anayo, muuza samaki anayo, bibi anabebwa nyuma na mwavuli wake, lakini Tarishi hakukalia baiskeli hata siku alipong'olewa kucha. Alisema chombo kisichoweza kupanda ngazi si chombo. Alikuwa Mkatoliki wa mstari wa mbele, na bado Ramadhani ikifika nilimuona anakaa mlangoni jua linapozama, ana kikombe cha uji mkononi, anasubiri, hanywi mpaka adhana itoke msikitini. Nikamuuliza mara moja, mzee umehama dini? Akasema, "Mazoea, Kigoda." Nikamtania kwamba mazoea hayo nayo atayaungama kwa padri. Hakucheka. Ningekuwa na akili ningeuliza tena, lakini nilikuwa napima kiuno cha mtu.

Na alilichukia daraja. Hili lilitushangaza wote. Kule Kivukoni watu walivuka Kilombero kwa pantoni na mitumbwi miaka yote, mvua kubwa ikija kila kitu kinasimama, wagonjwa wa upande wa Mahenge wanaangalia Ifakara kwa macho tu. Daraja lilipoisha mji mzima ulikwenda kulitazama. Mimi mwenyewe nilikwenda, mjue lilikuwa jambo kubwa. Tarishi hakwenda. Nikamwambia, "Mzee, sasa mtu anavuka hata maji yakiwa shingoni." Akaangalia goti lake. "Ndiyo," alisema. "Sasa hakuna kisingizio." Nilidhani anawasema wavivu wa upande wa pili.

Basi mwaka jana kabla ya masika, mdogo wangu, ambaye ni nesi, alijifungua mtoto wa kwanza. Na alikuwa amehamishiwa wapi? Lindi. Mama yetu magoti yamemkatalia safari, familia ikakaa, ikajadili, kisha wote wakageuka kuniangalia mimi, binti mkubwa. Nilitaja cherehani, nilitaja oda za Pasaka, nilitaja hata kuku. Haikusaidia.

Kesho yake asubuhi Tarishi alifika barazani. Jumanne, na amevaa shati la kanisani.

"Kigoda, nasikia unashuka Lindi."

"Wamenifukuza, mzee."

"Chukua kalamu."

Nikachukua daftari langu la vipimo, nikijiandaa kwa somo la bahari na viatu. Halikuwa hilo. Alisema polepole, kama anayesoma kitu kilichoandikwa ndani ya kope zake: Shuka mpaka uione bahari. Ipe mgongo. Panda na barabara mpaka kwenye mti mkubwa wa mkungu, kulia kwake pana duka la mafuta ya taa. Nyuma ya duka zinaanza ngazi za saruji, ziko arobaini na moja. Ya ishirini na tatu imevunjika, iruke. Ukifika juu, mkono wa kulia, mlango wa kijani.

"Anakaa nani hapo?"

Alikohoa. "Mke wangu. Na mtoto. Nilimwacha anatambaa."

Kalamu yangu ilibaki hewani. Sote tulimjua kama mtu asiyewahi kuoa, na wapo wanawake wa jumuiya waliokuwa wamelisikitikia hilo kwa vitendo, kwa kumletea mboga.

Alinieleza kwa kifupi, ameangalia cherehani. Alioa Muislamu, bila kumwambia mtu nyumbani. Mama yake akaugua huku upande wa Mahenge, akachukua likizo, akaja. Mvua zikanyesha, mto ukajaa, pantoni ikasimama. Likizo ikaisha yeye yuko ng'ambo. Alipopata kuvuka alikuta barua ya ofisi inamsubiri Ifakara kwamba kazi hana tena. "Nikasema siwezi kurudi mikono mitupu, nilime kwanza msimu mmoja kule kwa mama, ng'ambo. Msimu ukawa mbaya. Nikasema mwakani. Kisha ukifikisha miaka mitano unaona aibu ya miaka mitano, ukifikisha kumi ni aibu ya kumi. Hata nilipohamia upande huu nikawa nasema moyoni, ni mto. Ningekwenda, ila mto." Akasugua goti la kulia. "Kisha wakajenga daraja lao."

Aliniletea na mchele wetu unaonukia, shingo ya mwali, kilo tano, ameuchambua mwenyewe punje kwa punje. Nikaushonea mfuko wa vipande vya kitenge, wa kufunga kwa kamba.

"Mwambie nipo," alisema. "Muulize kama naweza kuja. Nataka neno moja tu, njoo au usije. Lolote nitalibeba, ila usirudi bila neno."

Akanipakatisha mfuko, akaondoka.

Safari yenyewe sitaieleza, nilifunga macho kuanzia Mikumi. Lindi niliyoikuta ni mji mdogo uliotupwa juu ya vilima kama nguo zilizoanikwa haraka: paa la huyu linagusa miguu ya yule, na bahari inatokea kila unapogeuka, kama mdai. Siku ya tatu nilimuaga mdogo wangu, nikabeba mfuko na daftari, nikaenda kuitafuta nyumba. Na hapo nikafanya kosa ambalo angelifanya kila mtu wa bonde letu. Sisi huku tuna mlima mmoja. Udzungwa umesimama upande wake tangu tuzaliwe na haujawahi kuhama. Ukienda kijiji cha Mbingu mlima uko kulia, ukirudi uko kushoto, na mtoto wa miaka sita hapotei. Basi na mimi, bila hata kufikiri, nikaushika mlima wa Lindi mkono wa kulia nikatembea. Ukawa kulia. Baadaye ukawa nyuma. Halafu ukawa na mwenzake. Mara nikagundua niko juu yake. Nilimpita mama mmoja anayekaanga mihogo mara tatu, na mara ya tatu alinisalimia kama mkwe.

Kila niliyemuuliza alinionyesha kwa kidevu. Wote walikuwa wanapanda.

Nilipokumbuka somo ilikuwa saa tano. Nikasimama, nikageuka kuitazama bahari ili nionekane napendezwa, nikasubiri mtu anayeshuka. Akaja bibi na ndoo tupu. Akaweka ndoo chini, akaniuliza natoka wapi, kwetu kunalimwa nini, nina watoto wangapi, kisha akaniambia: mkungu ulikatwa, duka lilikufa, lakini ngazi zipo, hizo pale nyuma ya ukuta wa bluu.

Zilikuwa zimebaki kumi na moja. Nyingine mvua ilishazila, watu wanapanda kwa kukanyaga mawe. Ya ishirini na tatu sikupata nafasi ya kuiruka.

Mlango haukuwa wa kijani, ulikuwa wa bati. Nje alikaa mwanamke anapepeta ufuta kwenye ungo. Nilipomuona alivyoinamisha shingo kama Tarishi sikuhitaji kuuliza, nikauliza hivyo hivyo. Nikataja jina la mama yake, lile nililoandikiwa na Tarishi.

"Marehemu," alisema. "Karibu. Wewe nani?"

"Natoka Ifakara, dada."

Ungo ukasimama.

"Amekufa?"

"Nani?"

"Aliyekutuma."

"Hapana. Yupo mzima. Ni jirani yangu."

Akaendelea kupepeta, maganda yakaruka upande wangu. Mimi nilisimama nimekumbatia mchele kama mtoto wa kuazima.

"Mama alikuwa anakaa hapo uliposimama," alisema. "Basi la kutoka bara likiingia stendi unaliona kutoka hapo. Alikaa mpaka nikaolewa. Aliacha kukaa alipoacha kuona."

"Anauliza kama anaweza kuja."

"Aje afanye nini?"

"Akuone," nilisema.

"Nina miaka arobaini na mbili, dada. Cha kuona kimekwisha."

Aliupokea mfuko, akafungua kamba, akaingiza uso wote ndani. Alipoinua kichwa punje moja ilikuwa imemganda kwenye kidevu.

"Ndio huu," alisema. "Mama aliusema sana. Eti ukipikwa hapa, nyumba ya tatu wanajua." Akaufunga tena, akauweka ndani, nyuma ya mlango. "Mchele nitapika. Watoto wapo."

Alinisindikiza kama mgeni anavyosindikizwa, mpaka ngazi ya mwisho ya chini, ameshika mkono wangu kwenye mawe yale. Hapo akaniachia.

"Mwambie hukuipata nyumba."

"Dada, amesema anataka neno. Njoo au usije."

"Nikisema asije nitakuwa nimemjibu. Mama yangu hakujibiwa." Hakuwa na hasira, alisema kama anayeniagiza chumvi. "Mwambie ulipotea. Milima mingi, atakuamini."

Hilo la mwisho liliniuma kidogo. Ni kweli angeniamini. Nani asingeamini?

Niliporudi Ifakara nilimkuta Tarishi barazani kwangu, amekalia kigoda changu, shati lile lile la kanisani. Hata sikuwa nimetua mkoba.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Haya."

"Sikuipata nyumba, mzee. Nilipotea."

Alinitazama, kisha akacheka. Alicheka mpaka akashika goti, na nilipoona anacheka nikatua mkoba. "Nilijua! Kigoda, nilijua! Uliuweka mlima kulia?"

"Niliuweka kulia, mzee."

"Kulia! Lindi!" Nikamweleza habari ya mama wa mihogo na videvu vyote vya Lindi, kweli tupu, nikaongeza na chumvi. Alifuta machozi. Akasema hamna neno, kosa ni lake, alinielekeza kama tarishi na mimi si tarishi. Akachukua daftari langu na kalamu, akaanza kuchora upya, na mkungu akauweka pale pale ulipokuwa, na ngazi akazichora zote, moja moja, ulimi umetoka pembeni ya mdomo. Safari nyingine nitafika, alisema. Mtoto wa mdogo wangu si atabatizwa?

"Nipe na ule mchele," alisema huku anachora. "Nitautunza kwenye debe, usije ukaingia wadudu."

Nilikuwa nimefikiria kila kitu ndani ya basi, ila hicho.

"Tuliupika," nikasema. "Kwa mdogo wangu."

Kalamu ilisimama. Alinitazama kama alivyokuwa anatazama bahasha: mbele, nyuma, kisha pembeni kwenye gundi. Miaka yote ile alijua nisichokifanya. Najua kukosea njia, najua kuchelewesha nguo ya mtu mpaka siku ya harusi, lakini mzigo wake mimi nisingeula.

"Mtoto aliunusa?" aliuliza.

"Aliunusa," nikasema, kabla sijajizuia.

Alitikisa kichwa taratibu, kukubali. Kuku wangu mmoja alipita kati yetu, akasimama, akaendelea.

"Na mama yake?"

Nikaangalia cherehani. Nilijifanya natafuta uzi.

"Haya," alisema. Akafunga daftari, kalamu akaiweka juu yake, sambamba, kama kwenye meza ya mkubwa. "Lakini ulitumwa useme ulipotea."

"Ndiyo, mzee."

"Basi umefikisha." Akainuka kwa kushika ukuta.

Hatukulisema tena. Tuliendelea na salamu yetu, nimefika jikoni, pole kwa uchovu, ila ilikuwa kama chai iliyochemshwa mara ya pili.

Mara ya mwisho kukaa naye barazani ilikuwa masika yameshaanza, alileta suruali. Nikachukua kiraka kwenye boksi. Akiwa amekaa anasubiri, alikuja mteja wangu, mwalimu wa shule ya msingi, msichana bado, kuchukua sketi zake mbili haraka haraka.

"Nimepangiwa kituo kipya, fundi. Naondoka wiki ijayo. Lindi, na sijui hata mtu mmoja."

Nikasukuma kiti. "Kaa, mwalimu, kaa hapo. Huyu mzee wetu ndiye mwenyewe wa Lindi. Atakueleza mji wote, usipotee kama mimi. Mzee, hebu mwambie. Mgeni akifika Lindi..."

Msichana akakaa. Akatoa hata simu aandike. Tarishi alimtazama kwa upole, mkono kwenye goti lake la kulia, na mimi nilingoja aanze na wale wanaopanda na wanaoshuka.

"Kuna bajaji siku hizi," alisema. "Mwambie tu dereva unakokwenda, atakufikisha."

Mwalimu akashukuru, akakunja sketi zake, akaondoka na baiskeli.

Tarishi naye akaaga. Nikamwambia suruali itakuwa tayari kesho, akasema sawa. Nilimtazama anavyokwenda kwake zile hatua thelathini, mikono yote miwili imening'inia tu. Suruali nilipoigeuza niweke kiraka, nikaona goti la kulia halikuwa limelika, jipya kama la kushoto.